Samli Juu ya Hariri

Mzee Tadei, mwenyekiti wa kamati ya jubilei, alikuja sakristia na ndoo ya maji ya moto, pakiti ya sabuni ya unga na brashi ya viatu. Bahati nzuri Verediana alikuwa ameshafika. Alimwamkia shikamoo kwanza, maana adabu ni adabu, kisha akasimama katikati ya mlango na kumuuliza hayo maji ni ya kumwogesha nani.

"Ya kufua ile kasula ya Padre Alfredi," Mzee Tadei akajibu. "Mkuu wa mkoa anakuja. Tumepata mkoa mpya, halafu tumwonyeshe nguo chafu?"

"Mzee wangu, hiyo ni hariri ya zamani. Ukiitia kwenye ndoo hiyo, utamwonyesha mkuu wa mkoa uji."

Ilikuwa Juni 2003. Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha, ulikuwa haujatimiza mwaka, na watu wa Endahaso, kijiji kilichojibanza milimani huko juu ya Tumati, walikuwa bado wanaandika Arusha kwenye barua zao, kisha wanakata. Parokia yao ndogo ilikuwa inatimiza miaka sabini na tano. Padre Modest, paroko, alikuwa amelikuta sanduku la bati nyuma ya kabati, na ndani yake kasula, lile vazi la juu la kusomea misa, lililoletwa na Padre Alfredi, padre wa kwanza wa parokia. Kamati ilitaka mambo mawili: vazi ling'ae, na umri wake ujulikane, ili Mzee Tadei auandike kwenye kitambaa cha kutundika getini. Kwa hilo la pili hakukuwa na wa kumuuliza ila Verediana.

Wala haikuwa kwa sababu ya cheo. Verediana alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na mitano, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na ulimi usiofungwa na chochote. Ushonaji alifundishwa na Sista Scolastica, marehemu sasa, mtawa mkali aliyetunza nguo za kanisa kwa miaka arobaini na ambaye hakumruhusu mtu kugusa hariri kabla hajanawa mara mbili. Mambo mengine alifundishwa na mitumba. Biashara ilipofunguliwa na marobota yakaanza kumwagwa kwenye mnada wa Dongobesh, watu waliacha kushonesha na mafundi wengi wakauza vyerehani vyao. Verediana alilia siku mbili. Siku ya tatu akaenda mnadani kupekua. Akawa anaokota blauzi za hariri kutoka kwenye rundo la nailoni, anazirekebisha, anawapelekea walimu na manesi wa hospitali ya Haydom. Kwa miaka kumi na kitu nguo za Ulaya za kila zama zilipita mikononi mwake, naye akajifunza kuzisoma kwa zipu, kwa vifungo, kwa jinsi pindo lilivyomalizwa. Alikuwa akishika gauni anakutajia umri wake kama mfugaji anayemfunua ng'ombe mdomo.

Mzee Tadei aliondoka na ndoo yake akinung'unika. Verediana akanawa, akajikausha vizuri, akavua pete, kwa sababu pete huvuta nyuzi. Akatandika shuka safi la marekani mezani, akafungua sanduku.

Kasula ilikuwa nyekundu iliyochujuka, ya mtindo wa zamani uliokatwa mabegani kama zeze, na msalaba wa nyuzi za dhahabu mgongoni. Ilikuwa imekunjwa mara nne kwa miaka mingi, na kila penye kunjo hariri ilikuwa imekatika utadhani mtu amepitisha wembe. Verediana hakuinyanyua. Aliingiza mikono yote miwili chini yake, akaibeba polepole, akailaza. Ndipo alipoliona doa. Kuanzia bega la kushoto hadi kifuani, ukubwa wa sinia, hariri ilikuwa ya kahawia, ngumu, inang'aa kidogo, na katikati ya doa hilo bega lilikuwa limechanika kwa urefu wa shubiri. Akainamisha pua. Harufu ilikuwa imefifia sana, lakini hakuna mtu wa milimani kule asiyeijua. Ilikuwa samli.

"Nani huyu mpumbavu?" alisema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake. "Nani anapaka hariri samli?"

Alasiri hiyo alimkuta mama yake, Getruda, amekaa uani akichambua maharage. Getruda alikuwa na miaka themanini na mitano, macho yameingia ukungu, miguu imeanza kuvimba. Daktari alishasema moyo umechoka. Verediana alivuta kigoda akamsimulia, akijua mama yake hupenda vichekesho vya kanisani.

"Mama, utacheka leo. Kuna mpumbavu mmoja wa zamani aliipaka kasula ya padre samli. Samli, Mama! Kama vile ni ngozi."

Getruda hakucheka. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akalala akiutazama ukuta. Chakula cha jioni hakukigusa.

Sasa, kulikuwa na jambo moja kuhusu Getruda ambalo Endahaso nzima ililijua na hakuna aliyelielewa. Getruda alikuwa hapokei. Kila Jumapili alikuja kanisani, mvua ije jua liwake, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na watu walipojipanga kwenda kukomunika yeye alibaki ameinamisha kichwa. Mapadre walikuja na kuondoka, na kila mmoja alimuuliza. Alijibu, "Bado, Padre." Watu walisema ni ndoa. Mumewe, Sulle, alibatizwa akiwa mtu mzima tayari, basi wakabuni kwamba huko nyuma alikuwa na mke mwingine, au mtoto wa nje, au yote mawili. Verediana mwenyewe aliamini hivyo. Siku ya harusi yake alifika altareni bila mama yake, akageuka, akamwona kule mwisho mlangoni, na hakuwahi kumsamehe baba yake kwa jambo hilo. Sulle alipokufa mwaka 1981, Verediana alimlilia kwa jicho moja tu. Na Getruda hakusogea benchi hata baada ya mazishi.

Asubuhi iliyofuata Getruda alimwita.

"Yule mpumbavu ni mimi," alisema.

Verediana alikaa chini palepale alipokuwa.

"Nilikuwa msichana, nimebatizwa mwaka uleule. Nilikuwa nafagia kanisa. Mvua za mwaka 1938 zikavujisha paa la sakristia, Padre Alfredi akanipa ile nguo nikaiweke kwetu, darini, mahali pakavu. Aliniamini, Verediana. Sisi wasichana tulikuwa wengi, akaniamini mimi. Nikawa naitoa kila juma kuiangalia. Siku moja nikaona begani inaanza vinyufa. Sasa mimi nilijua nini? Sketi yangu ya ngozi nilikuwa nimeishona mwenyewe, na shanga zake zote. Ngozi ikianza nyufa ina njaa ya mafuta. Unaipaka samli, inalainika. Nikachukua samli ya mama yangu, ile nzuri ya wageni, nikaipaka ile nguo kwa kidole, pole pole. Nilikuwa naimba."

Verediana alimpa maji, hakuyanywa.

"Padre akaja kuichukua. Akaishika mabegani akainyanyua, ikachanika mikononi mwake. Akaona mafuta. Sijawahi kuona mtu amekuwa mwekundu namna ile. Akanishika mkono mpaka mbele ya altare, akasema: 'Umeliharibu vazi la Mungu. Usisogee tena hapa mpaka niseme mimi.' Nikangoja aseme. Jumapili ya kwanza hakusema, ya pili hakusema. Mwaka uliofuata vita vya Hitler vikaanza. Yeye alikuwa Mjerumani, wakaja kumchukua na lori. Nilisimama njiani, nikajua sasa atasema. Lori likapita. Baadaye tukasikia amekufa huko walikompeleka."

"Mama, miaka yote hiyo kwa nini hukumwambia padre mwingine? Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Niliogopa nikikuambia nitakupakaza na wewe. Na padre mwingine angefanya nini? Wewe ni Mwiraqw, unajua. Aliyekufunga kwa mdomo wake ndiye anakufungua. Akifa, anakufungua mwanawe, au ndugu yake wa damu. Padre hana mtoto, Verediana. Atanifungua nani?"

Verediana alitaka kulia na alitaka kupiga kitu. Alimfikiria baba yake, mtu mpole ambaye yeye, bintiye, alikuwa amembebesha dhambi isiyo yake mpaka kaburini. Akamfikiria msichana anayeimba huku anapaka samli. Hasira ilimpanda juu ya padre ambaye hata hakumjua, na kwa sababu wafu hawapigwi, alikwenda kumfokea aliye hai.

Padre Modest alikuwa mtoto wa bondeni, upande wa Hanang, miaka thelathini na minne, na alisikiliza bila kukatiza. Alikuja siku hiyohiyo kwa pikipiki yake. Alimwamkia Getruda shikamoo, akakaa karibu naye, akamweleza taratibu kwamba ile ilikuwa hasira ya mtu na siyo sheria ya Kanisa, kwamba mlango haukuwahi kufungwa, kwamba yeye kama paroko ana uwezo wote wa kumpokea. Alisema vizuri. Verediana, aliyekuwa amesimama mlangoni, alianza kuwa na matumaini.

"Wewe ni mtoto mzuri, Padre," Getruda akamwambia. "Lakini siyo wewe uliyefunga."

Padre alirudia tena kwa maneno mengine, akapata jibu lilelile. Alipotoka nje alisimama na ufunguo wa pikipiki mkononi bila kuwasha.

"Atakufa anaamini amefukuzwa," Verediana alisema.

"Najua," Padre akajibu. "Na mimi nitamzika na sitajua cha kusema."

Verediana alirudi kwenye kasula kwa sababu mikono ikikosa kazi moyo hujitafuna. Jubilei ilikuwa imebakiza wiki tatu, na swali la Mzee Tadei lilikuwa palepale: nguo ina miaka mingapi? Akaanza alivyozoea kuanza. Umbo la zeze lilimwambia ni ya kabla ya mapadre kuanza kuvaa kasula pana, lakini hilo lilikuwa halisaidii sana. Nje ya nguo hudanganya, Sista Scolastica alikuwa akisema, ukitaka ukweli uliza bitana. Kwa ncha ya sindano akafumua mishono ya pindo la chini, mmoja mmoja, kisha ya ubavuni, mpaka bitana ikafunuka kama ganda la hindi.

Ndani, rangi nyekundu ilikuwa bado kali, maana mwanga haukuwahi kuifikia. Nyuma ya msalaba mshonaji alikuwa ameweka karatasi ngumu ili nyuzi za dhahabu zisimame. Ilikuwa imekatwa kutoka kwenye gazeti au kalenda, ikagundishwa tabaka kwa tabaka, na kwenye ukingo mmoja zilisomeka herufi za Kijerumani za zamani na tarakimu tatu: moja, tisa, sifuri. Ya nne ilikuwa imekatwa na mkasi. Basi nguo ilishonwa mwaka 1900 na kitu. Mama yake alipopewa kuitunza, ilikuwa imeshatimiza kama miaka thelathini.

Halafu akaona kitu kingine. Nyuma ya msalaba, mahali ambapo hakuna kidole cha mtu kilichowahi kufika wala tone la samli, hariri ilikuwa imepasuka. Vinyufa vilevile, vyembamba, sambamba, kila mahali. Verediana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Alichomoa uzi mmoja uliolegea kwenye mshono wa ndani, akaushika kwa kibano, akawasha kiberiti. Hariri safi alikuwa ameichoma mara mia pale mnadani: hunuka nywele, hujikunja na kuacha kipunje cheusi kinachosagika. Uzi huu ulinuka nywele kidogo tu. Ulipozimika ulibaki umesimama vilevile, majivu yenye umbo la uzi, mpaka alipopumua ukaanguka. Hilo Sista Scolastica alikuwa amemwonyesha mara moja tu, kwenye stola, ule ukanda wa shingoni wa padre, iliyojikatakata yenyewe kabatini. Zamani zile hariri iliuzwa kwa mizani, na wenye viwanda wakajifunza kuinywesha chumvi za bati ili iwe nzito, sawa na wale wa kwetu wanaomwagia vitunguu saumu maji kabla ya kupima. Nguo ikitoka dukani inapendeza, ina uzito wa heshima. Lakini ile chumvi inaila hariri kutoka ndani, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mtunzaji duniani anayeweza kuizuia. Ulaya ilituma kwa Mungu nguo iliyopunjwa, na aliyelipia ni Getruda.

Jambo hilo lilikuwa zuri, lakini alimjua mama yake. Mambo ya chumvi za bati yasingemtoa kwenye benchi.

Akarudi begani, penye doa, upande wa ndani. Hapo chini ya bitana kulikuwa na kiraka. Mtu alikuwa ameshikiza kipande cha kitambaa nyuma ya hariri iliyopasuka, kwa uzi wa pamba mnene usiofaa kabisa, kwa mishono mikubwa ya kupishana. Uzi huo ulikuwa wa kahawia kwa samli, na samli ilikuwa imegandia juu ya mafundo. Na ule mchaniko wa shubiri, uliotokea siku ile mikononi mwa Padre Alfredi, ulipita katikati ya kiraka na kukata uzi wake pande mbili. Verediana alifuata mchaniko kwa jicho mara tatu ili asijidanganye. Uzi hauwezi kukatwa kabla haujashonwa. Kiraka kilikuwepo kabla ya mchaniko, na kabla ya samli.

Asubuhi ya Alhamisi yeye na Padre Modest waliilaza kasula juu ya ubao, wakaifunika marekani, wakaibeba mpaka nyumbani, mmoja mbele mmoja nyuma. Watu njiani waliwapa pole wakidhani ni mgonjwa. Mzee Tadei aliwasimamisha karibu na mashine ya kusaga.

"Mmepata mwaka?"

"Elfu moja mia tisa na kitu, Mzee. Kabla ya ile vita ya kwanza."

"Na kitu ngapi? Nitaandikaje 'na kitu'?"

"Hariri haina cheti cha kuzaliwa, Mzee wangu. Na haitatundikwa wala haitavaliwa. Italazwa hivihivi, watu wapite waione."

"Na doa?"

"Na doa lake," Verediana alisema, na wakaendelea na safari.

Getruda alipoona kilichofunuliwa alirudisha mikono nyuma. Ilibidi Verediana ambembeleze. Mwishowe aliomba maji, akanawa mpaka viwiko, akajifuta, akakubali kukaa mbele ya ubao uani, penye jua la saa tatu. Verediana alimweleza habari ya karatasi, na ya uzi uliosimama baada ya kuungua. Mama yake alitikisa kichwa kwa heshima, kama anayesikiliza habari za mbali.

"Sasa nipe kidole chako, Mama. Hapa ndani. Unasikia nini?"

Kidole cha Getruda kilitambaa juu ya kiraka. Macho yalikuwa na ukungu lakini vidole vilikuwa vimetunga shanga elfu. Kilipita juu ya mishono, kikasimama kwenye fundo, kikalizunguka. Kikaenda kwenye fundo la pili, kikalizunguka nalo. Uso wake ukabadilika.

"Amefunga mara tatu," alisema.

"Nani, Mama?"

"Padre Alfredi alikuwa anajishonea soksi mwenyewe, pale barazani kwake. Sisi wasichana tulikuwa tunajificha tunamcheka, mwanaume anashona. Alikuwa anafunga fundo mara mbili, halafu haamini, anafunga la tatu." Kidole kilirudi kwenye fundo la kwanza. "Ni ule ushonaji wa soksi zake. Ni mkono wake huu. Alishona lini?"

"Kabla ya samli yako. Samli imegandia juu ya fundo. Na ule mchaniko wa siku ile umekata uzi wake, shika hapa. Ilikuwa imeshapasuka, Mama, akaishona mwenyewe na kuifunika bitana. Alipokupa uitunze, ilikuwa tayari ni mgonjwa. Na ilikuwa itachanika tu, samli au bila samli."

"Alijua?"

Padre Modest alifungua mdomo, labda amtetee mwenzake, kisha akaufunga. "Alijua, Bibi," alisema.

Verediana alikuwa ametazamia furaha. Alikuwa ameipanga njia nzima: mama angelia, wangekumbatiana. Badala yake Getruda aliuondoa mkono kwenye hariri, akauweka mapajani, na uso wake ukawa mgumu kuliko alivyowahi kuuona. Miaka sitini na mitano ilikuwa imesimama pale uani: ubatizo wa watoto saba, harusi tano, mazishi ya mume, Pasaka zote na Krismasi zote, na yeye mlangoni. Kumbe kwa ajili ya nguo iliyokuwa imekwisha kuchanika, na mwanaume aliyeona aibu kusema.

"Niacheni," alisema.

Walikaa ndani na chai ambayo hakuna aliyeinywa. Kupitia dirishani Verediana alimwona mama yake hajasogea. Mara midomo ilicheza kwa maneno ambayo hayakuwa ya sala. Mara alipiga goti lake kwa ngumi, mara moja, mbili. Verediana alijuta. Alijiambia afadhali angemwacha na kosa lake alilolizoea, kuliko kumpa hasira hii na moyo uliochoka. Padre Modest alitazama saa, akaacha kuitazama. Vivuli vikafupika.

Ilikaribia saa sita Getruda alipoita.

"Padre. Kule kwenu Hanang, mtu akimlaani asiye na kosa, laana inakwenda wapi?"

Padre alisitasita, kwa sababu seminari ilikuwa na jibu moja na bibi yake mzaa mama alikuwa na lingine. "Inarudi kwa aliyeitoa, Bibi," akasema. "Inakaa kwake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yule aliyeonewa amfungue."

"Ndiyo hivyo na kwetu." Getruda alivuta pumzi ndefu. "Basi amekaa nayo miaka yote hiyo. Hana mtoto wa kumhangaikia. Verediana, nipe fimbo yangu, na maziwa kidogo kwenye kibuyu."

Walikwenda polepole, wakipumzika kila penye kivuli. Kanisa lilikuwa tupu. Mlangoni Getruda alivua viatu, akalipita benchi la mwisho bila kulitazama, akaushika mkono wa bintiye kwa nguvu kiasi kwamba kucha zilimwingia. Kwenye ngazi ya altare miguu iligoma. Verediana hakumsukuma wala hakumvuta. Baadaye Getruda aliuachia mkono, akapanda mwenyewe.

Alichukua funda la maziwa, akalipuliza mbele yake, laini, jinsi wazee wanavyobariki. Kisha akasema kwa Kiiraqw, na sauti haikuwa ya mzee.

"Alfredi." Hakumwita padre. "Mimi ni Getruda, yule wa kufagia. Ulijua, ukanyamaza. Ulinikosea. Nimekaa nje miaka sitini na mitano, na wewe umekaa nje pia kwa sababu yangu. Leo nimekufungua. Ingia ndani."

Alisimama pale mpaka pumzi ikamrudia. Padre Modest alikuwa amegeuka pembeni, anajifuta uso kwa mkono wa shati. Getruda akamwangalia, akabadili lugha.

"Padre, Yesu yupo leo nimpokee, au ni mpaka Jumapili?"

"Yupo, Bibi. Yupo." Akamgeukia. "Ila tutaanza na kitubio kwanza."

"Haya. Dhambi ninayo." Aliketi kwenye ngazi ya altare, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akamkaribisha padre akae karibu. "Nimemchukia marehemu, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka sasa hivi."

Verediana alitoka nje, akaufunga mlango taratibu ili awaachie nafasi.